Ufunguo Unaolala Nje

"Hakuna kilichoibwa, hakuna kesi," alisema Bwana Inspekta, akalisukuma faili hadi ukingoni mwa meza. "Akili zimemruka yule bibi kizee. Kesho Ijumaa, baada ya sala, Liwali ataamuru ahamishiwe kwa mkwewe Maili Moja, na mambo yataisha. Funga."

Sajenti Sixtus akapiga saluti, akalichukua faili, akatoka nalo nje, wala hakulifunga. Alilikunja akalitia chini ya kwapa la kanzu yake. Alikuwa askari kanzu, polisi wa kupeleleza bila sare, na kanzu ina nafasi ya mambo mengi ambayo sare haina. Miaka kumi na mitano ya kazi, tangu kabla ya vita, ilimfundisha jambo moja: mkubwa akikuambia funga kabla hajasoma, wewe fungua.

Basi asubuhi hiyo ya Alhamisi, mwaka wa hamsini na nne, akateremka kwa miguu kutoka Boma la Kisarawe mpaka nyumba ya Bibi Mwanamkuu binti Mwinyimadi. Ilikuwa nyumba ya udongo na bati kando ya barabara, yenye kibaraza mbele na mikorosho nyuma. Akasimama hatua tatu kabla ya mlango, akapiga hodi.

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka ndani. "Afadhali wewe unapiga hodi. Kuna anayeingia humu bila hodi, na nyie mnasema ni mimi mwenyewe."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa. Usinitazame hivyo, sijala mtu."

Alikuwa ameshapita sabini, mfupi, mkavu, mkongojo umelala mapajani. Sixtus hakukaa. Alikuwa ameinama mbele ya kile kitu kilichomleta, kilichopachikwa nje kwenye mwimo wa mlango, usawa wa kifua: kisanduku cha chuma, ukubwa wa tofali, kimekazwa kwa nati nne, na kimefungwa kwa kufuli lisilo na tundu la ufunguo. Badala ya tundu lilikuwa na vigurudumu vitatu vya shaba vyenye tarakimu. Ukipanga tarakimu sawasawa, linaachia. Ndani ya kisanduku ulining'inia ufunguo wa nyumba kwa uzi mweupe.

"Nani alikitaka hiki?"

"Si mimi," alisema Bibi Mwanamkuu. "Masika niliteleza uani, nikalala chini kutoka alfajiri hadi adhuhuri, mlango una komeo kwa ndani. Wakauvunja kwa shoka. Ndipo wakakaa kikao, wakasema komeo litoke, ufunguo mmoja ulale ndani na mmoja ulale nje, ili nikianguka tena mtu aweze kuingia. Nikawaambia, ufunguo unaolala nje ni kama mke anayelala nje, siku moja mtasikia maneno. Hawakunisikiliza."

"Tarakimu wanazijua wangapi?"

"Wanne. Mimi. Honorata, jirani yangu, anayekuja kunikanda miguu asubuhi. Mfaume, mtoto wa kaka yangu, seremala, ndiye aliyekipachika. Na mkwe wangu Salehe, mwenye duka Maili Moja, ndiye aliyekinunua Dar es Salaam."

"Binti yako?"

"Mwanaamina ana mtoto mchanga, hajatoka Maili Moja tangu ajifungue. Habari za huku anazipata kwa mumewe, na za kule nazipata kwa mumewe. Huyo ndiye posta yetu."

Sixtus akatoa kijitabu na penseli. Aliyajua mambo yaliyotokea humo ndani kutoka kwenye faili, lakini alitaka kuyasikia kinywani mwa mwenyewe. Bibi akayataja bila kusita. Alhamisi ya kwanza baada ya Idi, alirudi nyumbani akakuta saa ya ukutani imesimamishwa na mishale imezungushwa. Alhamisi ya pili, msala wake wa kusalia ulikuwa umetandikwa chini ya mtungi, unalowa. Alhamisi ya tatu, yaani juma lililopita, kandili lilikutwa linawaka mchana kweupe katikati ya ukumbi, utambi umepandishwa mpaka juu, moshi umejaa, majirani wakaja mbio na ndoo za maji. Hapo ndipo Kisarawe ikaanza kusema kwamba Bibi Mwanamkuu anataka kujichoma.

"Kwa nini Alhamisi?"

"Kila Alhamisi adhuhuri Honorata hunishika mkono hadi kwa Mwanne, tunasoma kisomo wanawake, narudi alasiri. Hata kuku wa mtaa huu wanajua."

"Kuna lingine?"

Bibi akautazama mkongojo wake kwanza.

"Siku ile ile ya kandili, jioni, nilikoroga mchuzi wangu, ukawa mtamu. Kopo la chumvi lilikuwa limetiwa sukari, nusu kwa nusu. Nikalimwaga shimoni. Hilo sijamwambia mtu, hata Honorata. Niliona aibu." Sauti yake ikashuka. "Saa, msala, kandili, nilijua si mimi. Lakini chumvi na sukari, hapo niliogopa, Sajenti. Nikajiuliza, au ni kweli ni mimi?"

"Usimwambie mtu neno hilo."

"Nitamwambia nani? Kesho wananihamisha. Lakini waambie hao waliokutuma, humu nitatoka nikiwa kwenye jeneza, na hata hilo jeneza litapita kwa taabu, maana mlango ni mwembamba."

Sixtus akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akaomba ruhusa ya kuona nyumba. Akapita sebuleni, akaiona saa. Akapita ukumbini, akaona mtungi, rafu ya makopo, na juu ya sakafu doa jeusi la mahali lilipowekwa kandili. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba cha kulala, hakina mlango, kina pazia tu la kaniki. Doa la kandili lilikuwa hatua moja kutoka kwenye pazia lile. Akasita.

"Ingia tu," Bibi akaita kutoka nyuma. "Wewe ni polisi, si mkwe wangu."

Akaingia. Kitanda cha kamba kimetandikwa vizuri. Chini ya mto kuna tasbihi. Ukutani kuna kioo. Sanduku la mninga halina hata kufuli, na ndani yake, juu kabisa, sanda yake aliyojinunulia mwenyewe, imekunjwa, na chini ya sanda hati ya kiwanja.

"Humu kuliguswa nini?"

"Humu? Hakijaguswa kitu."

Sixtus akasimama mbele ya ile sanda muda mrefu. Kama yeye ndiye angetaka kumtia mzee wazimu, asingehangaika na saa ya ukutani. Angeitandaza sanda juu ya kitanda, akaenda zake. Akaandika kijitabuni: *Chumbani hakuna. Kwa nini?* Akapigia mstari.

* * *

Honorata alikuwa anaanua mashuka nyuma ya zahanati ya misheni alikofanya kazi. Mjane wa miaka thelathini na kitu, mikono minene, msalaba mdogo shingoni. Alipomwona Sixtus alilitupa shuka kapuni.

"Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza. Halafu uandike kwamba mimi Mkristo ninayemkanda mama wa Kiislamu miguu kila siku ya Mungu, ndiye ninayemwibia akili. Si ndivyo wanavyosema? Andika, usiogope."

"Ukishamfikisha kwa Mwanne, ulikuwa ukienda wapi?"

"Hapa. Nafua peke yangu. Sina shahidi isipokuwa sabuni."

"Ufunguo ukiurudisha kisandukuni unafanyaje?"

Honorata akamtazama upya, kama ambaye hatimaye ameulizwa swali la maana. "Nauzungushia uzi wake mara tatu, ndipo nafunga. Alhamisi zote tatu, niliporudi na Bibi, niliukuta uzi umelegea. Nilisema. Nani alinisikiliza?"

"Chumbani unaingia?"

"Nani anamtandikia kitanda, malaika? Ningetaka kumtisha ningeanzia chini ya mto wake. Nalijua kila tundu la nyumba ile."

Sixtus akaandika. Lilikuwa jibu la ovyo kwa mtu anayeshukiwa, na kwa sababu hiyo hiyo alilipenda.

Mfaume naye alikuwa kiwandani mwake, chini ya paa la makuti, anapiga randa ubao wa mvule. Hakuacha kupiga randa. Sixtus hakumsalimu sana, alimwonyesha kipande cha karatasi chenye vumbi la rangi ya kahawia.

"Nimelikwangua hili kwenye vigurudumu vya kufuli. Unga wa mbao."

"Wa mvule," alisema Mfaume. "Ni wangu."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kutia mafuta. Kila Jumamosi, tangu tukipachike. Kufuli la nje lisilotiwa mafuta linakufa kwa kutu, na siku Shangazi akianguka, mtu atasimama pale anavuta vigurudumu mpaka mgonjwa afe. Mnunuzi hakufikiria hilo. Wala hakufikiria mvua. Mimi ndiye niliyekisogeza chini ya upenu."

"Mligombana na shangazi yako."

"Tuligombana sana tu. Niliomba kipembe cha kiwanja chake nijenge kiwanda, akanikatalia mbele ya watu, akaniambia nisubiri afe. Nikamwambia hatakufa huyu, atatuzika wote." Randa ikasimama. "Lakini juma lililotangulia la kandili, nani alikiwamba upya kitanda chake? Mimi. Niliingia humo chumbani na kamba zangu, yeye yupo uani ananitukana. Ningetaka hati ya kiwanja, ilikuwa mbele ya pua yangu."

"Basi nani anakitaka hicho kiwanja?"

"Kuna tajiri wa korosho kutoka Ruvu anatafuta mahali pa ghala, pawe kando ya barabara. Alikuja akapima kwa hatua, huku na huku. Nikamuuliza, nani kakuruhusu? Akasema mwenyewe keshakubali."

"Bibi alikubali?"

"Bibi gani unayemzungumzia, Sajenti? Yule yule unayemjua?"

Alhamisi hiyo Bibi hakwenda kisomoni, na hakuna aliyeligusa kufuli. Alasiri Sixtus akafanya jambo ambalo Bwana Inspekta angelisikia angemvua cheo. Alimtuma mtu wa baiskeli Maili Moja, akamwita mkwe kwa adabu zote. Barua ilisema: kisanduku cha sasa kimeshachezewa. Kesho asubuhi, kabla ya sala, familia itachagua kisanduku kingine cha ufunguo mbele ya karani wa Liwali, ili kama Bibi atabaki, abaki salama, na kama atahama, iandikwe kwamba familia ilijaribu. Kila anayezijua tarakimu aje na chaguo lake.

Kisha akamwendea Bibi Mwanamkuu, akamwomba kitu kimoja tu: kesho, lolote atakalosikia, asitie neno mpaka aulizwe.

"Hilo ndilo gumu kuliko kuhama," alisema Bibi.

* * *

Salehe alifika saa tatu asubuhi, kanzu nyeupe, kofia ya viua, baiskeli ameiegesha mbali na nyumba. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na heshima zake zilijulikana toka Kisarawe mpaka Ruvu. Hakupanda kibarazani. Alisimama chini, akageuza uso pembeni kama ipasavyo mkwe, akamwamkia mama mkwe wake huku anatazama mikorosho.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, anakusubiri kwa hamu."

Karani wa Liwali alikuwa ameketi kwenye kiti, daftari mapajani. Honorata alisimama nyuma ya Bibi. Mfaume aliegemea nguzo. Sixtus akasema waanze, kila mtu aonyeshe chaguo lake na sababu zake.

Mfaume alitoa kisanduku cha mninga, kizuri hasa, mbele kina ubao wa nakshi. Akausukuma ubao kwa kidole gumba, ukateleza, nafasi ya kuwekea ufunguo ikaonekana. "Hakina kufuli. Kinapachikwa pale juu, mtu anadhani ni pambo. Kufuli linamwambia mwizi hapa pana kitu. Hiki hakisemi."

"Na mchwa?" aliuliza Sixtus.

"Mninga hauliwi."

"Na mgeni anayekuja mbio Bibi kaanguka, ataujuaje ubao?"

Mfaume akakuna kichwa. "Ataambiwa."

"Ataambiwa na nani, aliyeanguka?"

Karani akacheka. Zamu ikawa ya Salehe. Alifungua kifurushi cha gazeti, akatoa kisanduku cha chuma kizito kuliko cha kwanza, kipya, chenye tundu la ufunguo mbele.

"Cha Kiingereza," alisema kwa sauti yake ya upole. "Hakivunjiki. Kina ufunguo mmoja tu."

"Huo ufunguo atakaa nao nani?"

"Mimi, dukani. Ndiyo salama."

"Maili Moja," alisema Sixtus.

"Ndiyo, Maili Moja."

"Bibi aanguke Kisarawe alfajiri, Honorata apande baiskeli aende Maili Moja kuchukua ufunguo wa kufungulia ufunguo?"

"Ndiyo maana nasema ahamie kwangu," alijibu Salehe. "Hakuna kisanduku kitakachomfaa. Mimi nimeleta kwa kuwa mmeniita."

Honorata hakuwa na kifurushi. Akanyoosha kidole kwenye mwimo wa mlango. "Hiki hiki. Hakina kosa. Kimekazwa vizuri, hakilowi, tarakimu zake kubwa, Bibi anaziona bila miwani. Nyuma ya kufuli kuna kipini, ukikibonyeza unabadilisha tarakimu. Badilisheni tarakimu, halafu mchague watu. Kosa halikuwa la kisanduku."

"Tarakimu!" Salehe akasahau upole kidogo, akainua mkono. "Karani, sikiliza mwenyewe. Mtu anayetia sukari kwenye kopo la chumvi, hajui anachokikoroga, leo mnataka kumpa tarakimu za kukumbuka? Huku si kumpenda, ni kumuua!"

Mkongojo wa Bibi Mwanamkuu ukagonga sakafu mara moja. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama mfuko uliofungwa kwa kamba.

"Rudia, Bwana Salehe," alisema Sixtus. "Karani aandike vizuri."

Salehe akarudia, neno kwa neno, na safari hii kwa sauti kubwa zaidi.

"Habari ya sukari umeipata wapi?"

"Kisarawe nzima inajua."

"Mfaume, unaijua?"

"Sukari gani? Mimi najua kandili."

"Honorata?"

"Ndiyo kwanza nasikia."

"Karani, kwenye maombi ya kumhamisha Bibi yaliyoletwa kwa Liwali kumeandikwa nini?"

Karani akafunua daftari. "Saa ya ukutani, msala, kandili. Sukari haimo."

"Bibi, hilo la sukari ulimwambia nani?"

"Mtu mmoja," alisema Bibi, akipumua kama aliyetua mzigo. "Polisi. Jana. Ile chumvi niliimwaga kwa mkono wangu, shimo likaimeza, na siri nikaimeza mimi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Salehe hakuwa mtu wa kuimaliza haraka. Alirekebisha kofia yake. "Labda mke wangu alisikia."

"Mkeo hajatoka Maili Moja, na habari zote za huku anazipata kwako."

"Basi nimekisia tu. Wazee wote huchanganya chumvi na sukari. Hilo ni neno, Bwana Sajenti, na neno haliingii nyumbani mwa watu. Mimi tangu Idi sijakanyaga Kisarawe. Alhamisi nipo dukani. Nenda kaulize."

"Nitauliza. Lakini kwanza niseme yote, maana kosa lako si sukari, sukari ni jambo dogo." Sixtus akafungua faili, akasoma kwa sauti kavu ya mahakamani, ingawa karatasi aliyoishika ilikuwa ya wizi wa baiskeli. "Wewe Salehe unashtakiwa kwamba, siku ya Alhamisi, uliingia chumba cha kulala cha Bibi Mwanamkuu, mama wa mkeo. Ukafunua kitanda chake. Ukapekua nguo zake za ndani sandukuni..."

"Nini?"

"...ukaitoa sanda yake, ukaishika..."

"Uongo!" Salehe alipiga kelele. Uso wake, ambao siku zote ulitazama mikorosho, sasa ulimtazama Sixtus macho kwa macho. "Nani kasema? Honorata ndiye kasema? Mimi niingie chumbani kwa mama mkwe wangu? Nikione kitanda chake? Unanivunjia heshima mbele ya watu! Wallahi, lile pazia sijaligusa! Niliishia kwenye kandili, nikarudi!"

Penseli ya karani ikakwaruza, ikafika mwisho wa mstari, ikasimama.

"Ni kweli," alisema Sixtus, akalikunja faili. "Hukuingia chumbani. Nilijua tangu jana. Aliyeingia humu alitaka Bibi aonekane ana wazimu, na kitu cha kumtia mtu wazimu kilikuwa chumbani, hakina hata kufuli. Hati ya kiwanja pia ilikuwa humo. Mfaume angepita, amekiwamba kile kitanda. Honorata angepita, anakitandika. Mmoja tu kati ya wanne miguu yake ingekoma hatua moja kabla ya pazia, hata kama hakuna anayemwona, hata kama amekuja kwa uovu. Ulithubutu kumwibia mzee akili yake, Bwana Salehe. Kitanda chake hukuthubutu kukitupia jicho."

Mabega ya Salehe yakashuka. Aliposema tena, alikuwa ameirudia ile sauti yake ya upole, na hiyo ndiyo iliyomchukiza Sixtus kuliko kelele.

"Angepata raha kwangu. Chumba nilishamtengea. Na yule tajiri wa ghala nilikwisha kumpa neno langu mbele ya watu. Ningefanyaje? Nimwambie Mama hataki? Nionekane mwanamume nisiye na kauli?"

"Ungepiga hodi," alisema Honorata.

Mfaume alikuwa amekwisha kuacha nguzo na kushuka ngazi, ngumi zimekunjwa. Sixtus akamzuia kwa kifua. Karani akasema Liwali ataletewa maneno haya kabla ya sala, na kwamba kwa maoni yake ya karani, ambayo hakuna aliyeyauliza, habari ya kuhama imekwisha.

"Bado," alisema Bibi Mwanamkuu.

Akainuka. Honorata akataka kumshika, akamsukuma kwa kiwiko. Akaingia ndani na mkongojo wake, tak, tak, sebuleni, ukumbini, mpaka mwisho. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na wote walimwona akilishika lile pazia la kaniki, akalivuta lote upande mmoja. Kitanda kikaonekana. Mto ukaonekana, na sanduku la mninga.

"Mkwe wangu!" aliita. "Uliitaka nyumba. Nyumba ina chumba. Hainyofolewi kama mkate, sebule yako, chumba changu. Anayeitaka aichukue yote. Njoo! Leo nakupa ruhusa mwenyewe, mbele ya karani wa Liwali. Ingia."

Salehe alikuwa ameufunika uso kwa viganja vyote viwili. Alirudi kinyumenyume, kisigino kikagonga baiskeli yake, ikaanguka, naye akaanguka juu yake, viganja bado usoni. Hakuna aliyecheka. Sixtus akamwinua kwa mkono, akamwambia aitangulize baiskeli yake Bomani, naye atafuata nyuma.

Lakini Bibi alikuwa amesharudi kibarazani, anahema, macho yanawaka. Alikitazama kisanduku cha Mfaume, akakipapasa nakshi. "Hiki kizuri. Kitakaa chumbani kwangu, nitatilia tasbihi." Kile cha Kiingereza alikisukuma kwa mkongojo mpaka kikadondoka chini ya kibaraza. Kisha akasimama mbele ya kile cha zamani, kwenye mwimo wa mlango, akakigonga kwa kidole.

"Fungueni kufuli. Nionyesheni hicho kipini."

Mfaume akalifungua, akamwonyesha kipini nyuma yake. Bibi akalishika kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na kifua.

"Sasa geukeni."

Karani akageuka. Mfaume akageuka, ananung'unika kwamba yeye ndiye mtia mafuta. Bibi akamwambia mafuta hayahitaji tarakimu. Sixtus akabaki amesimama, kijitabu mkononi, anasubiri kuandika, maana faili bila tarakimu mpya lingekuwa na upungufu.

"Na wewe, Sajenti."

"Bibi, mimi ni polisi."

"Nimekuona. Geuka."

Sajenti Sixtus akatia kijitabu ndani ya kanzu, akageuka, akatazama barabara pamoja na wenzake. Nyuma yake akasikia vigurudumu vinakwaruza, kimoja, cha pili, cha tatu. Akasikia kufuli limebanwa. Akasikia mnong'ono, na Honorata akijibu, "Ndiyo, Bibi." Kisha vigurudumu vikavurugwa vyote kwa pamoja, pakawa kimya kidogo, vikaanza kuzunguka tena, taratibu, bila kusita, mkono wa mzee anayejua anachokitafuta.

Kufuli likaachia.